Ini la Mgonjwa Asiyekuwepo

Nyie mnaosomea kazi za maabara mmeniomba niandike machache kabla sijayasahau, na mimi nimekubali kwa sharti moja: utani wangu msiuguse. Nimestaafu, naishi Kibamba, nafuga kuku, na goti langu la kulia linatabiri mvua kuliko redio. Majirani wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani huko chuoni, nawajibu, "Nilikuwa nasaga maini." Wanacheka, wanadhani nilikuwa mpishi wa kantini. Wengi sijawasahihisha, maana maelezo kamili yanataka chai na mtu asiye na haraka.

Nyie najua mna haraka. Kaeni hivyo hivyo.

Ndani ya ini la mbuzi, la ng'ombe, au la wewe unayesoma hapa, kuna protini za kila namna. Baadhi yake kazi yao ni kuzibadilisha protini nyingine. Moja inabandika kitu hapa, nyingine inakata pale, nyingine inashika mbili na kuzifanya kitu kimoja. Hivyo ndivyo vimeng'enya tulivyokuwa tukivitafuta, na niliyempenda mimi ni huyo wa mwisho, muunganishaji. Vitabuni ana jina refu, sisi maabara tulimwita Gundi. Ukimtia kwenye maji yenye protini ya maziwa, ukaongeza kalsiamu kidogo kwa sababu bila hiyo hafanyi kazi, yale maji yanakuwa mazito polepole mpaka yanashikana. Mara ya kwanza kuona hivyo niliipindua chupa juu chini na hakikumwagika kitu. Niliipindua tena na tena kama mtoto. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wawili, na nilisahau kula mchana.

Aliyenifundisha kazi hii ni Mzee Kondo, Mzaramo wa hapa hapa, fundi mkuu wa maabara yetu enzi hizo. Alikuwa hapigi kelele. Ukikosea anakunyang'anya chombo mkononi, anafanya mwenyewe, kisha anakurudishia bila neno, na hilo liliuma kuliko matusi. Siku zangu za mwanzo nilikuwa natikisa mrija wenye maji ya ini kama natikisa chupa ya soda. Akaja, akauchukua, akauonyesha kwenye mwanga. Juu kulikuwa na povu zuri jeupe.

"Unaliona povu hili?" akauliza.

"Naliona, mzee."

"Humo ndimo zilimozikwa protini zako. Pole kwa msiba."

Tangu siku hiyo sijawahi kutikisa kitu. Hata maziwa ya wajukuu nayakoroga taratibu.

Kwenye kutia chumvi alikuwa na lake pia. Mjue kwamba ukishasaga ini kwenye maji baridi yaliyopimwa uchachu, ukazungusha kwenye mashine makapi yakabaki chini, unabakiwa na supu nyekundu yenye kila kitu. Kuanza kuzitenganisha unatia chumvi maalumu kidogo kidogo. Protini hizi zinazama mapema, zile zinachelewa, kila moja na kiasi chake. Ukimwaga chumvi kwa pupa zinazama zote pamoja na kazi imekwisha. Mzee Kondo alisema, "Tia kama unampikia mkwe, na mkwe mwenyewe amesimama mlangoni." Ushauri huo sijauona kwenye kitabu chochote, na mpaka leo sijapata ulio bora zaidi.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wahenga hawakufanya kazi ya maini. Mbuzi akishachinjwa, vimeng'enya vinavyokata vinaanza kuwala wenzao, na kadiri joto linavyopanda ndivyo wanavyozidi kula. Kwa hiyo kutoka bucha hadi maabara unakimbia, na ini liko kwenye barafu. Ukishaingia kwenye chumvi na kolamu, lile bomba la kioo lililojaa punje laini ambamo protini zinapita tone kwa tone, hapo ndipo subira inapovuta heri. Mtu wa kazi hii lazima awe na roho mbili, ya mwendesha bodaboda na ya mfuma mikeka, na ajue lini avae ipi.

Na barafu msinunue kwa wauza samaki. Niliwahi kununua, ini likatoka na harufu ya changu, na idara nzima ikapita mlangoni kwangu kuuliza nani anakaanga.

Sasa niwaambie habari ya Neema, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Neema alikuja miaka yangu ya mwisho kazini, anasomea shahada ya pili. Mtoto wa Temeke, mwembamba, anauliza maswali mpaka unatamani kumpa pipi anyamaze. "Mama, kwa nini kalsiamu na siyo magnesiamu?" "Mama, Gundi anajuaje protini ipi aishike?" Mengi sikuwa na majibu yake, na nilikuwa nafurahi kukosa majibu pamoja naye. Kazi aliyopewa ni kumtoa Gundi kwenye ini la mbuzi mpaka awe safi peke yake. Vitabu vinapenda ini la simbilisi, lakini ini la simbilisi ni dogo mno, na mbuzi Dar wanachinjwa kila siku.

Msimamizi wake alikuwa Profesa Lwiza, mtu makini, wa maneno machache, na mgumu kama kigingi. Siku ya Alhamisi idara yote hukaa chumba kimoja kusikiliza kazi za wanafunzi. Neema akasimama kuonyesha zake. Siku nyingine ini lake lilikuwa limejaa Gundi mwenye nguvu. Siku nyingine sifuri, kama vile amesaga kitambaa.

Profesa akamwuliza, "Siku hizi zenye majibu mazuri, ulikuwa na nani maabara?"

"Nilikuwa peke yangu, profesa. Mama Tumaini alikuwa kliniki ya goti."

Mama Tumaini ndiye mimi.

"Na siku za sifuri?"

"Tulikuwa wote wawili."

Profesa akavua miwani. "Kwa hiyo akiwepo shahidi, hakuna kitu. Asipokuwepo, kipo. Neema, hizi namba umezitunga." Akasema hayo mbele ya watu wote. Akaongeza kwamba kama hatayarudia majibu yale mbele ya shahidi kabla muhula haujaisha, suala litakwenda kwenye kamati. Kila aliyekuwa mle alijua maana yake. Mwanafunzi akitiwa hatiani kwa kutunga matokeo anafukuzwa, na jina lake likishachafuka hakuna maabara itakayompokea tena.

Kwenye korido watu wakaanza lile la lisemwalo lipo. Mimi sikupenda.

Je, nilimwamini? Nisiwadanganye, sikujua. Nilimpenda, lakini kupenda siyo ushahidi. Nilimkuta anaosha vyombo vilivyokuwa safi tayari, mgongo kanigeuzia.

"Mwanangu, ulitunga?"

"Hapana, mama."

"Haya. Kama hukutunga wewe, basi kuna kitu kingine kilichobadilika. Tukitafute hicho."

Alinigeukia, na macho yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulishaanza kazi. "Tuanze na maji?"

Tukaanza na maji. Tukapima uchachu wa kila chupa. Tukaangalia blenda, tukaangalia ubaridi wa mashine ya kuzungushia, tukaangalia kama umeme ulikuwa unakatika. Tulifanya kazi bega kwa bega, na kila tukifanya pamoja tulipata sifuri. Nikaona mtoto anakonda. Muhula nao ukawa unakwenda zake. Profesa akipita mlangoni anasema "habari za kazi", sisi tunasema "nzuri", na hakuna anayemwangalia mwenzake.

Asubuhi moja Neema akaacha mrija mezani akasema, "Mama, hivi siku ukiwepo, ini analeta nani?"

"Naleta mimi."

"Na usipokuwepo, nanunua mie nikitoka hosteli Mabibo. Bucha lile lile la Bwana Shomari, pale Manzese. Mbuzi wale wale."

"Sasa?"

"Sasa tumebadilisha kila kitu isipokuwa hicho. Tubadilishane, mama. Kesho kila mtu anunue lake kama kawaida yake. Halafu wewe utengeneze ini langu, mie nitengeneze lako. Tuone Gundi anafuata mikono au anafuata ini."

Nilikaa kwenye kiti. Miaka yote hiyo kazini, na swali rahisi kama hilo halikunijia. Nikamwambia aende amwalike Profesa Lwiza aje akae nasi kuanzia mwanzo. Aliogopa, lakini alikwenda, na profesa akaja na kiti chake.

Kipimo tulichotumia kinaonekana kwa macho. Unatia dawa, maji yanakuwa ya njano. Yakibaki njano, Gundi hayupo. Yakigeuka kahawia yenye wekundu kama chai ya rangi, yupo na anafanya kazi. Nilitia kwenye mrija wangu, Neema akatia kwenye wake. Profesa kainama katikati yetu.

Mrija wa Neema, wenye ini nililonunua mimi, ulibaki njano. Wangu, wenye ini lake, ukawa chai.

Profesa aliuinua mrija wangu. "Mama Tumaini, hii ni kazi ya mikono yako?"

"Mikono ni yangu. Ini ni la Neema."

"Na hili ambalo ni sifuri?"

"Ini ni langu."

Basi mtoto kavuka, mtuhumiwa nikabaki mimi. Neema wala hakushangilia. Alikuwa ameshakwenda kwenye friji kutoa mabaki ya maini yote mawili na kuyaweka kwenye sinia moja. Lake lilikuwa kipande kizima, jekundu lililokolea, linang'aa. Langu lilikuwa vipande vyembamba, kama alivyonizoesha Shomari, na kingo zake zilikuwa zimepauka. Siku zote nilidhani ni barafu. Tena nilikuwa namshukuru Shomari moyoni kwa kunipunguzia kazi ya kisu. Neema akagusisha karatasi ya kupimia uchachu kwenye kipande changu, na ikaelekea rangi ya chungwa, yaani uchachu; akakinusa. Kwenye lake haikufika huko.

"Mama," akasema taratibu, "ini lako lina ndimu."

Tulikwenda Manzese siku hiyo hiyo, makoti tukiwa tumeyavua. Shomari ni mtu wa makamo, mpole, bucha lake safi, nzi akiingia anafikiri mara mbili. Neema aliwahi kununua pale mara nyingi, lakini kama mwanafunzi yeyote wa Mabibo, na Shomari hakujua kama tunajuana. Akatuona tumeongozana akafuta mikono.

"Shikamoo, mama. Karibuni. Mgonjwa anaendeleaje?"

Niligeuka nyuma kuangalia kama anasema na mtu mwingine. "Mgonjwa gani, mwanangu?"

Akaweka kisu chini. "Nisamehe mama, sikupaswa kuuliza."

"Uliza tu. Mgonjwa gani?"

"Si huyo unayemnunulia ini. Mtu anachukua ini la mbuzi kila mara, bichi, analiweka kwenye barafu, anaondoka mbio. Mie nikajua nyumbani kuna mtu hana damu. Sasa nitakuulizaje mgonjwa wako ana nini? Haiwezekani. Marehemu mama yangu alipokuwa anaumwa, ini lilikuwa linamtia kichefuchefu kwa ile harufu. Nikawa nalikata vyembamba, naliloweka kwenye ndimu na chumvi, nalisuuza, ndipo anakula. Basi lako nalo nalifanya hivyo hivyo. Wewe ukinipigia simu jioni, mie alfajiri naliloweka, ukija liko tayari."

"Na mimi?" Neema akauliza. "Langu mbona hukuliloweka, baba?"

"Wewe huwa hupigi simu, mwanangu. Unakuja una haraka, nakukatia nakupa. Nilijua mnakwenda kukaanga na chipsi."

Sikujua nicheke au nilie. Nilifanya yote mawili, na wateja wakawa wananitazama. Mwaona? Kile kisimu changu cha jioni, cha kistaarabu, cha kumwambia mtu wa watu ajiandae, ndicho kilichokuwa kinamwua Gundi. Mmeona samaki mbichi akitiwa ndimu anavyogeuka mweupe? Ukali wa ndimu unazikunjua protini, na protini iliyokunjuka haifanyi kazi tena. Shomari alikuwa analimaliza ini kabla blenda yangu haijaligusa, tena kwa mapenzi. Yeye hakuniuliza kwa sababu ya heshima. Mimi sikumwambia kwa sababu sikutaka kuonekana najidai na mambo ya chuo. Kati ya adabu yake na adabu yangu, mtoto wa watu alikuwa anafukuzwa.

Kwa hiyo nyie, yule anayewaletea kitu cha kufanyia kazi, awe wa bucha, wa shamba au wa hospitali, mwambieni mnakwenda kukifanyia nini. Kuuliza siyo ujinga, na kueleza siyo kujidai.

Neema akamweleza Shomari yote: Gundi ni nini, Alhamisi ile, kamati. Alivyozidi kueleza ndivyo uso wa Shomari ulivyoanguka.

"Kwa hiyo mtoto huyu alikuwa anaadhibiwa kwa ajili ya ndimu zangu?"

"Usiseme hivyo, baba," Neema akasema. "Niambie, ukishaliloweka, linaanza kupauka baada ya muda gani?"

Mwenzenu bado yuko kwenye hukumu, lakini anataka kujua ndimu inaingia ini kwa kasi gani. Hapo ndipo nilipojua kwa hakika kwamba yule hakutunga hata namba moja. Anayetunga huwa ana majibu. Huyu alikuwa na maswali tu.

Shomari akampa ini zima, halijaguswa na kitu. Neema akaligawa mbele ya profesa, nusu akaitia ndimu, nusu akaiacha. Nusu moja chai, nusu nyingine njano. Profesa Lwiza akamwita ofisini akamwambia amekosea na anamwomba radhi. Neema akatoka anatabasamu, yamekwisha.

Mimi kwangu hayakuwa yamekwisha. Nilibisha hodi ofisini, nikasimama kwa goti langu hilo hilo.

"Profesa, neno ulilisema mbele ya watu. Radhi umeiomba ndani ya mlango."

Nikafikiri atanikumbusha cheo changu. Badala yake akasema, "Una haki, mama."

Alhamisi iliyofuata alisimama kabla ya mwanafunzi yeyote. Akasema, "Katika chumba hiki nilisema Neema ametunga namba. Haikuwa kweli. Namba zake zilikuwa sahihi, na aliyekosea ni mimi. Neema, naomba radhi." Kisha akakaa. Nimewaona watu wengi wenye elimu, lakini waliofanya hivyo ni wachache, na tangu siku ile nilimheshimu zaidi.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Chumvi ya mkwe, kolamu, tone kwa tone. Tukitaka kujua usafi tunazipitisha protini kwenye ute unaozipanga kwa ukubwa, kila moja inaacha mstari wake. Supu ya mwanzo ilikuwa na mistari mingi kama shati la kijana wa harusi. Kila hatua mistari ikapungua, mpaka asubuhi moja ukabaki mmoja tu, mnyoofu. Neema aliushika ule ute kwenye mwanga, na hakuuliza swali lolote. Ndiyo mara pekee.

Nasikia siku hizi hamsagi maini tena. Mnachukua maelekezo ya kimeng'enya, mnayatia kwenye bakteria, bakteria wanawatengenezea. Siwaonei wivu, ila mkipita Kibamba njooni mnieleze, maana natamani sana kujua bakteria anajuaje kumkunja Gundi vizuri wakati hajawahi kuishi kwenye ini. Chai ipo.

Kabla sijastaafu tulirudi kwa Shomari. Neema alikuwa na kichupa chenye Gundi safi, hakina rangi, ungesema maji. Shomari akakitazama kwa mashaka.

"Maini yote yale, ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii, baba. Subiri." Akamimina kidogo kwenye chupa yenye protini ya maziwa na kalsiamu, akaiweka juu ya kaunta karibu na mizani. Wateja wakahudumiwa, maneno yakaendelea. Baadaye Neema akamwambia aipindue. Shomari akaipindua, kwa hofu ya kumwagia kaunta, na hakikumwagika kitu. Akaipindua tena. Akaipindua tena, na nikajua anajisikiaje.

"Na sie watu tunayo hii?"

"Tunayo. Kwenye ini, kwenye ngozi. Hata ukijikata, ndugu yake ndiye anayeshikisha damu kidonda kikafunga."

Shomari akatazama vidole vyake, vyenye makovu ya visu vya miaka yote. Kisha akamtazama Neema, akanitazama mimi, akaiweka chupa kwenye kaunta taratibu, bila kuitikisa.

"Basi, mama," akaniambia, "mgonjwa wetu amepona."

Neema akajibu kabla yangu. "Amepona, baba. Ahsante."